Doa Chini ya Gari

Gari lililotumika miaka mingi huzeeka kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa gasketi, yaani kizibo chembamba kinachokaa kati ya vyuma viwili vilivyofungwa pamoja, na sili, yaani pete ya mpira inayozuia mafuta yasipenye kandokando ya shafti inayozunguka, hukauka na kupasuka kutokana na joto. Doa linaloonekana sakafuni alfajiri mara nyingi ni dalili ya uchakavu huo, nalo husomeka vizuri juu ya kipande cha boksi kilichotandikwa chini ya gari usiku kucha: tone jeusi au la kahawia kwa kawaida hutoka kwenye injini, jekundu kwenye gia otomatiki au usukani, la kijani au la waridi kwenye rejeta, na maji matupu mara nyingi ni ya kiyoyozi tu. Tone jepesi la manjano karibu na gurudumu huashiria mafuta ya breki, na gari hilo halipaswi kuendeshwa kabla ya kutengenezwa.

Hata hivyo, tone linapoangukia mara nyingi sipo linapotoka, kwa sababu mafuta huteremka na upepo wa mwendo huyasukuma nyuma; ndiyo maana fundi makini huosha injini kwanza, huiwasha, kisha huufuata unyevu mpya kutoka chini kwenda juu hadi kwenye chanzo. Ndivyo ilivyo pia nyumbani na nafsini: anayefuta doa bila kutafuta chanzo huahirisha hasara, na wahenga walikwishaonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.