Je, Yafaa Kumwajiri Mtu Amwuguze Mzazi?

Katika vijiji vyetu swali hili laulizwa kwa sauti ya chini, maana wengi huliona haya: Je, ni halali mtoto kumwajiri mgeni, kwa mshahara, amwuguze baba yake au mama yake aliyelala kitandani? Hatusemi habari za msichana wa kazi, afuaye na kupika. Twasema habari za mwuguzi aliyefundishwa kuwatunza wagonjwa nyumbani. Wengine husema kumwajiri mtu wa namna hiyo ni kumtupa mzazi. Wengine husema fedha ikipatikana, maneno yamekwisha. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zimeliacha jambo lenyewe.

Tuanze na wale wasemao kwamba wazee wetu wa zamani hawakuajiri mtu. Ni kweli. Lakini mji wa zamani ulikuwa na watu wangapi? Walikuwako wake wa ndugu, mashangazi, wajukuu, mabinti wasioolewa bado, na jirani ambaye shamba lake lilipakana na uwanja wa mgonjwa. Kazi ile haikuwa ya mtu mmoja hata siku moja. Leo wana wako Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi. Wajukuu wako shuleni, nako ndiko wapaswako kuwa. Na nyumbani amebaki mwanamke mmoja, mke wa mwana au binti aliyeachika, ndiye mpishi, ndiye mkulima, ndiye mwuguzi. Tukisema kwamba desturi yetu ni kuwatunza wazee sisi wenyewe, twautaja mzigo uliochukuliwa na watu kumi, kisha twamtwika mmoja.

Na tuutazame mzigo wenyewe. Mzee aliyepatwa na kiharusi, asiyeweza kujigeuza, yapasa ageuzwe kwa kadiri ya kila saa mbili, mchana na usiku, ili ngozi ya mgongo, ya nyonga na ya visigino isife na kufanya vidonda. Ni mara 12 kwa siku, mara 84 kwa juma. Kidonda cha namna hiyo kikiachwa huweza kufika mfupani, na mgonjwa akafa kwa kidonda, wala si kwa kiharusi. Tena kuna kulisha: asiyemeza vizuri akilishwa hali amelala chali, uji huweza kuingia mapafuni. Mambo haya hayajulikani kwa upendo tu. Binti aweza kumpenda mama yake kwa moyo wote na kumwua kwa kijiko.

Nasi tulio walimu twaijua dalili nyingine ambayo wazazi hawaitaji, yaani kiti kitupu darasani. Bibi akiugua, msichana wa miaka 13 hupumzishwa kwanza juma moja, kisha muhula mzima. Serikali ya Tanzania iliondoa ada za shule za msingi, na tangu mwaka 2016 iliondoa na za sekondari hadi kidato cha nne. Walakini mtoto huyu hulipa. Mwenye kusema kwamba hawezi kumlipa mwuguzi na atazame kwanza ni nani anayelipa sasa.

Liko pia jambo la heshima. Kwa Wanyakyusa, desturi ya zamani ilimkataza mke kumtazama baba wa mumewe. Na katika makabila mengi hata leo mwana haoni uchi wa mama yake, wala mkwe haingii chumba cha mkwewe. Wana wawili wa Nuhu walikwenda kinyumenyume ili wamfunike baba yao. Basi mama mjane asiye na binti, ila mwana mmoja wa kiume, ataogeshwa na nani? Wako wazee wakataao kunywa maji mchana kutwa, wasije wakamwomba mtu wa nyumbani awapeleke msalani. Hapo mgeni aliyefundishwa kazi yake haleti dharau. Ndiye aihifadhiye heshima iliyobaki. Kwa hiyo mzee mwenyewe, maadamu akili ipo, ndiye wa kuulizwa kwanza, naye aghalabu ndiye asiyeulizwa kabisa.

Kuna na waliopotewa na fahamu uzeeni. Bibi huondoka usiku wa manane, huzunguka, husema na waliokwisha kufa, hamtambui mwanawe. Ni ugonjwa wa ubongo. Lakini katika nchi ya Usukuma na kwingineko vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa macho mekundu tu, ambayo aghalabu ni kazi ya moshi wa jikoni. Mtu ajuaye kazi hii akiwamo nyumbani, huweza kuwaambia majirani jina la ugonjwa kabla wao hawajautungia jina lao.

Sasa wale wa fedha. Tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, mwana aweza kumlipa mwuguzi pasipo kuonana naye, wala na mama. Bwana wetu aliwakemea watu walioiita mali yao Korbani wakaacha kumtendea mzazi neno lolote. Twaogopa kwamba kwa wengine wetu fedha ya simu imekuwa Korbani ya namna nyingine, kitu kitolewacho ili mtu apate ruhusa ya kutofika.

Hata hivyo yule Msamaria naye alilipa. Alimwacha majeruhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, wala hakuna aliyemlaumu. Ila tuangalie utaratibu wake. Kwanza alifunga majeraha kwa mikono yake; akamtunza katika nyumba ile; fedha aliitoa kesho yake; na alipoondoka aliahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Basi hukumu yetu ndiyo hii: asikate shauri la kuajiri, wala la kukataa kuajiri, mtu ambaye hajalala katika nyumba ile na kumgeuza mgonjwa usiku. Mwana wa mjini na aje akae walau juma moja, aishike kazi yote. Huenda akaona kwamba mama hahitaji mwuguzi, bali mkongojo mzuri, choo kilicho karibu na mtu wa kuzungumza naye. Huenda akaona kwamba dada yake amekonda kuliko mgonjwa.

Akiisha kuajiri, ajue kwamba mwuguzi naye ana mama yake. Mshahara ufike kwa siku yake, maana Yakobo aliandika maneno makali juu ya ujira uliozuiliwa. Apate usiku wa kulala na siku ya ibada. Na patano liandikwe, kwamba shamba na ng'ombe si kazi yake. Naye mwenye kulipa arudi, pasipo kutoa habari, autazame mgongo wa mzazi wake kwa macho yake mwenyewe.

Wako wengi wasio na dinari hata moja. Hao wamwombe mhudumu wa afya wa kijiji amwonyeshe mtu wa nyumbani jinsi ya kugeuza na kulisha. Tena Paulo, alipowaagiza watoto kuwatunza wazazi wao, aliliachia kanisa sehemu yake kwa wajane wasio na mtu. Jumuiya zetu hukutana kila juma kwa sala, nyumba kwa nyumba. Nyumba saba zikishika zamu ya usiku mmoja mmoja, yule mwanamke atalala usiku sita katika saba.