Ushahidi wa Mtaalamu Usizidishwe

Wanavyuoni wa Hadithi walijitaabisha mno kuijua khabari imetoka wapi na imepitia kwa nani. Hawakumkubali mpokezi aliyetia neno la kwake ili kukipa nguvu chama chake. Hata wale wachamungu waliozua ili kuwavuta watu katika kheri walikataliwa. Twaona kipimo hicho chafaa pia kwa khabari za wataalamu wa leo, kwani nazo zina wapokezi.

Na tutazame malaria katika milima ya Kisii na Nyamira. Sisi watu wa pwani tumezaliwa nayo. Kule, kwenye urefu wa zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, baridi humdhoofisha mbu, na kijidudu kilichomo ndani yake huchelewa kukomaa; kwa hivyo miili ya watu haikuizoea homa hiyo. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 ilirudi kwa nguvu katika nyanda za juu za magharibi, na mwaka 2002 ikazuka Kisii, ikawapata wakubwa kwa watoto.

Imerudi kwa nini? Mwezi wa Februari 2002, Simon Hay na wenzake walitoa uchunguzi katika jarida la Nature. Walitazama hesabu za joto na mvua za mahali pane: Kericho, inayopakana na Nyamira, Kabale ya Uganda, Gikonko ya Rwanda, na Muhanga ya Burundi. Wakasema hawakuona mageuzi makubwa ya hali ya hewa yaliyofuatana na kurudi kwa homa katika sehemu hizo. Basi zitazamwe sababu nyingine, kama vile dawa kushindwa na ugonjwa. Hilo ndilo walilolishuhudia, wala hawakuzidisha.

Wakatokea wapokezi. Vikundi vya siasa huko Marekani vinavyopinga sheria za kupunguza moshi wa viwanda viliitwaa khabari ile, vikaifanya hoja ya kuwa joto la dunia halina madhara kwa afya. Ya mahali pane ikawa ya dunia nzima! Upande wa pili nao haukusalimika. Filamu ya Al Gore ya mwaka 2006, An Inconvenient Truth, ilisema kuwa Nairobi ulijengwa juu ya mpaka wa mbu, ilhali mji huo ulijua malaria tangu miongo yake ya mwanzo. Huenda nia yao ilikuwa njema, na tumekwisha kusema wanavyuoni walimfanya nini mwenye kuzua kwa nia njema.

Mwaka huo huo wa 2006 Mercedes Pascual na wenzake walirejea mahali pale pane kwa hesabu za tangu 1950 hata 2002. Wao waliona joto limepanda, kiasi cha nusu digrii, na kwamba joto dogo laweza kuzidisha mbu kwa wingi. Wala hawakudai kuwa joto peke yake ndilo lililoleta homa. Elimu huenda hivyo: huyu husema, yule huhakikisha. Mwenye chama hawezi kungoja. Basi ukisikia barazani kwamba wataalamu wamethubutisha, uliza: wameona nini, wapi, kwa miaka mingapi, na wenyewe walisemaje?

Mama wa Nyamira mwenye mtoto anayetetemeka usiku hana haja ya kujua nani ameshinda Washington. Lakini wenye kuamua fedha zinunue nini huwasikiliza wapokezi hao. Klorokwini ilipokwisha nguvu, Kenya iliiacha mwaka 1998 ikashika Fansidar. Hiyo nayo ikalegea, na mwaka 2004 ikaamuliwa dawa mseto. Mwaka 2006 watoto walipewa vyandarua vyenye dawa bila malipo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2007 uliwafuatia watoto wa Kisii, Bondo, Makueni na Kwale yetu hapa pwani. Waliolala ndani ya vyandarua hivyo, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 44.