Aliyeandika Kitabu Aliambiwa na Nani?

Mwaka 1998 nilikuwa nafundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi mkoani Lindi. Katika somo la Maarifa ya Jamii niliwapa watoto kazi ya likizo: kila mmoja aandike ukurasa mmoja juu ya Vita vya Majimaji katika sehemu zetu. Sikuwaambia wazipate wapi habari hizo. Vitabu vya darasa zima vilikuwa vitano, na moyoni nilijua kwamba wengi wangenirudishia yale niliyokwisha kuyaandika ubaoni.

Mvulana mmoja, ambaye kaka yake alikuwa sekondari, alileta ukurasa safi ajabu, umejaa "silaha duni" na "ukosefu wa umoja". Maneno hayo hayakuwa yake, na nilijua. Nikampa 18 kati ya 20.

Msichana mmoja alianza hivi: "Haya nimeambiwa na bibi mzaa mama. Yeye aliambiwa na mama yake, aliyekuwa mtoto wakati wa vita. Bibi hajui mwaka." Kisha akaeleza jinsi askari walivyochoma maghala na mashamba, watu wakachimba ming'oko mpaka porini ikaisha, na kwamba waliouawa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Nikaandika kwa wino mwekundu, "Haimo kitabuni." Nikampa 8.

Alinifuata wakati wa mapumziko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Akasimama anakunja-kunja kona ya daftari. "Mwalimu, na aliyeandika kitabu aliambiwa na nani?"

Nikamjibu kwamba vitabu huandikwa na wataalamu. Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaenda zake.

Jibu la kweli nilikuja kulipata miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa masomoni. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walitumwa vijijini kuwahoji wazee juu ya vita hivyo vya 1905 hadi 1907, na waliwaandika wazee hao kwa majina yao. Sehemu kubwa ya historia ya Majimaji tunayoifahamu leo, mbali na ile iliyoachwa na Wajerumani katika majalada yao, ilitoka vinywani mwa watu kama yule bibi. Nilikuwa nimemnyima mtoto maksi kwa kunywa kisimani, nikamtuza aliyechota mtungini bila kusema mtungi ni wa nani.

Na juu ya njaa bibi alikuwa amesema kweli. Wajerumani walichoma vyakula makusudi ili kuumaliza upinzani. Serikali yao ilikadiria waliokufa kuwa 75,000; mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewasikiliza wazee, alikadiria 250,000 hadi 300,000. Mtu akikutajia mojawapo ya hesabu hizi asikwambie nani aliyehesabu, amekupa nini hasa?

Mwalimu mwenzangu mmoja huniambia kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja hana haja ya kusumbuliwa na habari za vyanzo. Hayo yamsubiri chuo kikuu. Aidha, asema, wazee husahau na huongeza chumvi. Wazee husahau, naam. Lakini yule msichana hakudai kwamba bibi hakosei. Alinionyesha njia nzima aliyopitia neno hadi kumfikia, na akaniambia mahali njia ilipokatika: hajui mwaka. Ningetaka kuhakikisha, ningejua nyumba ya kwenda kubisha hodi. Kwa mvulana ningekwenda wapi?

Zamani nilidhani kumtaja aliyekuambia ni adabu tu, kama kusema asante. Sasa naona ni sehemu ya ukweli wenyewe. Asemaye "nimeambiwa na fulani" anakiri kwamba yeye hakuona, na anakubali kusahihishwa. Anayemficha fulani anajifanya shahidi. Ajabu ni kwamba hili nilifundishwa kabla sijaijua shule. Chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu wetu hakutusomea hadithi bila kutaja imepokewa na nani. Sijui kwa nini nilipovaa viatu vya ualimu niliyaacha hayo mlangoni pamoja na ndara.

Siku hizi wajukuu zangu huleta kazi zao za shule zimepangika vizuri mno. Nikiuliza yametoka wapi, hunijibu, "Kwenye simu, babu." Siwezi kuwagombeza sana. Mimi nilikuwa nasema "kitabuni" kwa sauti ileile.

Mwaka 2006 nilipata safari ya kupita kijiji kile, nikaenda nyumbani kwa yule msichana. Bibi alikwishafariki. Binti mwenyewe alikuwa ameolewa upande wa Masasi. Nilimkuta mjomba wake anasuka jamvi barazani, nikamweleza kilichonileta, kwamba kulikuwa na daftari moja la darasa la tano, na ndani yake ukurasa ambao ningependa kuunakili kwa jina la marehemu.

Aliniangalia kitambo, pengine akidhani natania.

"Mwalimu," akasema, "madaftari ya shule hapa tulifungia karanga."