Jiko Lilale Nje

Wanangu wa mtaa wetu wa Skuta, kila Julai baridi ikitushukia kutoka Nyandarua huwa nasema neno hili hili. Nimechoka kulisema, lakini kuzika kunachosha zaidi, kwa hiyo nisikilizeni tena.

Mnawasha jiko uani, moshi ukiisha mnaliingiza chumbani, mnafunga dirisha na kusokota matambara chini ya mlango. Moshi umeisha, sumu haijaisha. Makaa mekundu yanayokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoishinda ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, miguu hulegea. Mtu hudhani ni homa, akajifunika blanketi. Aliyekwisha kulala hapati hata onyo hilo.

Nyinyi mlionunua kifaa cha kuitambua gesi hii, mmefanya vyema. Hakikisheni si kile cha moshi tu, maana hicho hakitaiona. Bonyezeni kitufe cha kujaribia kila mwezi mpaka kilie. Ila mjue kwamba mlio huo kwa kawaida huthibitisha betri na king'ora. Hauthibitishi kwamba kihisi cha ndani bado kinaitambua gesi. Kihisi huchakaa. Kigeuzeni msome tarehe: vingi hudumu kati ya miaka 5 na 10, kisha hubadilishwa hata kama bado vinalia.

Wala msikijaribu kwa kuingiza jiko chumbani. Kwa kiwango cha Marekani cha vifaa hivi, gesi ikiwa sehemu 70 katika milioni, kifaa kizima kinaweza kunyamaza saa 1 hadi 4 kabla ya kulia. Ukimya wake usiwape ruhusa ya kulala na makaa.

Kikilia usiku, msikizime mkarudi kitandani. Amsheni watoto, tokeni wote, kisha pigeni 999 au 112. Aliyelegea apelekwe hospitali apewe oksijeni, hata akisema amepata nafuu.

Asiye na kifaa asidhani hana kinga. Ongeza blanketi, wavishe watoto soksi, uzime makaa huko huko nje. Na leo, kabla hujafunga mlango, mpitie jirani yako mwenye mtoto mchanga umuulize jiko lake liko wapi. Akikasirika, vumilia, umuulize tena kesho.