Je, Kuuliza Hesabu ni Kukosa Imani?



Mwaka jana, kabla ya mvua kuanza, kanisa letu lilichanga fedha kwa kazi mbili: kununua mabati ya nyumba za wajane, na kulipia kodi familia zilizopanga vyumba mjini kwa sababu ya matibabu. Mimi ndimi niliyeshika fedha hizo. Siku moja baada ya ibada mama mmoja mjane alinijia, akasema kwa heshima, "Baba mchungaji, naomba kujua fedha za mabati zimefikia wapi. Kwangu bado kunavuja." Maneno yake yalinichoma. Nikamjibu, "Mama, huniamini mimi mtumishi wa Mungu?" Akainamisha kichwa, akaomba msamaha, akaenda zake.

Usiku ule mvua ilinyesha sana. Niliwasha taa nikafungua daftari. Sikuwa nimeiba hata shilingi moja. Lakini mwenye vyumba kule mjini alikuwa ametishia kuwatoa wagonjwa wetu, nami nikachukua fedha za mabati nikalipa kodi, nikiwaza nitazirudisha, wala sikumwambia mtu yeyote. Nyumba ya yule mama ilivuja kwa uamuzi wangu mimi, na yeye ndiye aliyeomba msamaha!

Tangu siku hiyo swali hili limenisumbua: Je, mtu anayesaidiwa ana haki ya kuuliza hesabu?

Wengi husema hapana. Wanasema fedha si zake. Aliyetoa ndiye wa kuuliza, naye aliyepewa ashukuru tu. Lakini tufikiri vizuri. Aliyetoa alitoa kwa ajili ya nani? Tuliposimama kanisani kuomba mchango, tulitaja wajane. Jina la mjane ndilo lililofungua mifuko ya watu. Basi tukishazipokea fedha kwa jina lake, tunawezaje kusema hazimhusu? Tena, mfadhili yuko mbali, na mkaguzi husoma karatasi. Risiti itasema mabati yamenunuliwa, lakini anayejua kama nyumba inavuja ni yule anayelala ndani yake.

Wengine huleta Maandiko. Husema katika 2 Wafalme 12:15 wale waliosimamia mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu. Ni kweli. Lakini tusome sura yote. Hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi makuhani walikuwa hawajatengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana, ingawa waliachiwa fedha kwa kazi hiyo. Sura hiyo haiwaiti wezi. Inatuonyesha tu kwamba nyumba ilibaki imebomoka. Ndipo likawekwa sanduku lenye tundu, tena mahali pa wazi, karibu na madhabahu. Fedha zikihesabiwa, walikuwapo wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Kisha wakalipwa maseremala na waashi, zikanunuliwa mbao na mawe. Kwa hiyo uaminifu ule unaosifiwa ulitembea pamoja na sanduku na mashahidi. Naye mtume Paulo, alipopeleka mchango wa watakatifu, hakutaka kwenda na fedha peke yake, ili pasiwe na lawama (2 Wakorintho 8:18-21). Kama Paulo hakuona aibu, mimi ni nani?

Jambo hili limeonekana pia katika kazi ya kusaidia wapangaji maskini. Mwaka 1865 mama mmoja Mkristo wa London, Octavia Hill, alianza kusimamia nyumba tatu mbovu katika mtaa wa Paradise Place. Fedha zilitoka kwa mwandishi John Ruskin, naye alitazamiwa kupata faida ya asilimia 5 kwa mwaka. Hill alitenga kiasi maalumu cha matengenezo kwa kila nyumba, na kikibaki kitu, wapangaji wenyewe walisema kifanyie nini. Mtu hawezi kuchagua asipoambiwa kwanza kuna nini. Tangu 1872 hadi 1911 aliwaandikia wenzake barua karibu kila mwaka, pamoja na hesabu za michango. Hakuwa mtu laini; asiyelipa kodi alitolewa. Hatuigi kila kitu chake. Lakini aliona kwamba mpangaji maskini naye ni mtu wa kuambiwa.

Najua kuna hatari. Tukibandika majina ya waliosaidiwa mlangoni mwa kanisa, tutawaaibisha. Basi tuseme kiasi kilichoingia, kazi iliyofanyika, na kilichobaki, bila kutaja majina. Zaidi ya yote tuseme kile ambacho hakikufanyika, na sababu yake. Huenda ningewaeleza ndugu habari ya kodi ile, wangekubali wagonjwa watangulie, hata yule mama mwenyewe angekubali. Kosa langu ni kwamba niliamua juu ya dari lake bila yeye kujua. Ninayosema juu yangu nayasema kwa upendo pia kwa mashirika yanayotusaidia: msiwape hesabu wafadhili peke yao.

Asubuhi ile nilikwenda kwa yule mama, nikamwomba msamaha mbele ya watoto wake. Jumapili nikasoma daftari mbele ya kanisa. Mabati yake yalipatikana miezi miwili baadaye. Sasa fedha zinahesabiwa na watu watatu, na mmoja wao ni yeye. Huuliza maswali mengi! Nami namshukuru Mungu kwa kila swali, kwa maana siku hizi nalala mvua ikinyesha.

Mpendwa, ukiwa na swali juu ya mali ya Bwana, uliza kwa upole, wala usiombe msamaha kwa kuuliza. Nawe uliyekabidhiwa, fungua daftari kabla hujaulizwa.

Bwana awabariki. Amina.