Mlinganyo Ulio Sawa na Chumba Kilichofungwa

Mlinganyo wa kikemikali ukishasawazishwa, mwalimu huweka alama ya vema na kufungua daftari linalofuata. Atomu za kushoto zimetimia kulia, hakuna iliyopotea wala iliyozuka. Ninachouliza katika insha hii ni kama usawa huo unatuambia chochote kuhusu haki. Kwa kuwa mizani ni ya dukani na ni ya mahakamani pia, ni rahisi kujibu ndiyo. Mimi najibu hapana, na sababu yangu ni imbabura.

Imbabura ni jiko la makaa tunalopikia hapa Kibenga, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Bujumbura. Makaa yakipata hewa ya kutosha, kila atomu ya kaboni huungana na atomu mbili za oksijeni: C + O₂ → CO₂. Gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni, na gesi inayotoka ina gramu 44. Hewa ikiwa haba, kila kaboni huambulia oksijeni moja tu: 2C + O₂ → 2CO. Gramu 24 na 32, jumla 56. Hesabu zote mbili ni safi, na mtahini atatoa alama sawa kwa zote mbili. Ule mwali mdogo wa buluu unaocheza juu ya makaa ni kaboni monoksidi inayoungua kabla haijatoroka. Mwali ukiisha, yakabaki makaa mekundu yasiyo na moshi, watu husema sasa yamekolea, jiko linaweza kuingizwa ndani.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Kaboni yake imeshikana na oksijeni kwa vifungo vitatu, na bado ina jozi ya elektroni ya kumpa mwingine. Katika mwili wa mtu huipa chuma kilichomo ndani ya hemoglobini, na huko hung'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Katika karne ya 19 Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba huua kwa kuinyang'anya oksijeni nafasi yake katika damu. Kifungo kwa Kiswahili ni cha shati, na ni cha gereza. Hapa maana ya pili ndiyo inayofaa.

Usiku mmoja wa mvua dada yangu aliingiza imbabura chumbani ili mwanawe wa miaka minne apate joto. Mlango aliufunga kwa sababu ya mvua, dirisha kwa sababu ya mbu wa ziwani na wezi. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikijiandaa kwa mtihani, nikaliona jiko likipita. Kwenye daftari lililokuwa mbele yangu, chini ya maelezo ya Kifaransa, palikuwa na 2C + O₂ → 2CO, nimeisawazisha kwa mkono wangu. Sikusema neno. Usiku wa manane dada aliamka kichwa kikimpasuka, akamwita mtoto, mtoto haitiki. Tulimtoa nje hivyo hivyo kwenye mvua. Alitapika, kisha akalia, na sijawahi kufurahia kilio kama kile. Alipona.

Kosa ni la nani? Ukiufuata mto Rusizi kuelekea juu utafika Ziwa Kivu, na karibu na Goma kuna kitu watu wanakiita mazuku: kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Huua mifugo, na huua watoto. Hakuna anayeishtaki ardhi. Lakini chumba chetu hakikuwa bonde. Kulikuwa na mkono uliofunga dirisha, na kulikuwa na jicho lililoona.

Dada hakujua, kwa hiyo simlaumu. Mimi nilijua, ila nilijua kwa ajili ya mtihani. Sikuwahi kufikiri kwamba herufi C ile ni makaa tuliyonunua sokoni. Sidhani kwamba hilo linaniondolea lawama, naona linaiongeza. Lavoisier, aliyetufundisha kwamba uzito haupotei katika badiliko la kikemikali, alikuwa pia mmoja wa wakusanya kodi wa mfalme wa Ufaransa, na kwa ajili ya kazi hiyo alikatwa kichwa mwaka 1794. Kama kifo kile kilikuwa cha haki ni mjadala mwingine. Ninachokiona ni kwamba mtu anaweza kuhesabu kila gramu ndani ya chupa, na waliolipa kodi wasionekane kwenye mizani yake.

Baada ya tukio lile nilimweleza dada habari yote, kwa majivuno kidogo, nadhani. Nikamwambia: usiingize jiko tena, na dirisha uliache wazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mwizi akiingia, utakuwa macho wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani deni la anayejua hulipwa kwa kusema, tena kusema hakukunigharimu kitu. Yeye ndiye angelipa, kwa usingizi wake na kwa baridi ya mtoto. Mlinganyo wangu haukuwa na mahali pa kuandika mbu, mwizi wala mvua, na hayo ndiyo aliyokuwa akiyasawazisha yeye kila usiku.

Fedha nilizoweka kwa ajili ya kunakili vitabu zilikwenda kwa fundi aliyetia vyuma na wavu dirishani. Jiko sasa linalala barazani chini ya kipande cha bati, na mtoto analala na soksi na mablanketi mawili. Asubuhi nyingine makaa huwa yamelowa, na dada hunigongea mlango niamke niyapepee.