Mtumishi Asiye na Fimbo

Je, mtu anaweza kujibu kwa ajili ya kazi ya watu asioweza kuwaamuru? Wengi watasema mara moja: hapana, anayejibu lazima apewe fimbo. Tunapenda kulitazama swali hili kwa mfano ulio mbali na makusanyiko yetu, kwa watu wanaotengeneza programu za kompyuta, kwani huko limeulizwa wazi na bado linawasumbua.

Mwaka 2001 watu 17 wa kazi hiyo walikutana Snowbird, katika milima ya Utah huko Marekani, wakaandika tamko fupi. Walikuwa wamechoshwa na kazi inayopangwa yote mwanzoni na kuamriwa kutoka juu, halafu inamfikia mwenye kuihitaji wakati haimfai tena. Njia zao huitwa Ajaili, maana yake wepesi wa kugeuka. Iliyoenea zaidi ni Skramu, ambayo Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliieleza hadharani mwaka 1995. Jina lenyewe limetoka katika mchezo wa raga, pale wachezaji wanaposhikana mabega na kusukuma pamoja. Kikundi huwa cha watu 10 au pungufu. Hufanya kazi kwa vipindi visivyozidi mwezi mmoja, hukutana kila siku dakika 15, na mwisho wa kipindi huketi kujichunguza: ni wapi tulikwenda vema, ni wapi tulikwama?

Kati yao yuko mtu anayeitwa skramu-masta. Huyu hagawi kazi, na cheo hicho hakimpi ruhusa ya kumfukuza mtu wala kumwongezea mshahara. Anafundisha njia na kuhakikisha vikwazo vinaondolewa. Mashini ya majaribio haipatikani? Biro nyingine imekalia karatasi inayongoja sahihi? Yeye ndiye wa kufuatilia. Kwa miaka mingi mwongozo wa Skramu ulimwita kiongozi-mtumishi. Mwaka 2020 waandishi waligeuza maneno: sasa ni kiongozi wa kweli anayetumikia, tena anawajibika kwa ufanisi wa kikundi kizima. Sisi twaona badiliko hilo ni jema, kwani kuna mahali ambapo neno mtumishi lilimeza neno kiongozi, na mtu huyo akabaki kuandika mikutano na kutafuta chumba chenye viti. (Hata kwetu wako waliodhani kutumika ni kubeba viti tu.)

Jina la kiongozi-mtumishi lilienezwa na Mmarekani Robert Greenleaf, aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya simu ya AT&T, kisha mwaka 1970 akatoa insha juu ya jambo hilo. Alisema wazo lilimjia aliposoma hadithi ya Hermann Hesse, Mjerumani. Humo kuna mtumishi, Leo, anayewahudumia watu walio safarini. Leo anapotoweka, msafara unavunjika. Baadaye inajulikana kwamba Leo alikuwa ndiye mkuu wa jamii yote iliyowatuma.

Hadithi ni nzuri, lakini tuitazame vizuri. Leo alikuwa na taji, ila alilificha. Anayejua moyoni kwamba ni mkuu hapotezi kitu akibeba mizigo. Bwana wetu naye alipowaosha wanafunzi miguu hakuficha ukuu wake. Wote waliomo chumbani walimjua kuwa ni Mwalimu, na ndiyo maana Petro alishtuka. Skramu-masta si kama Leo, wala hana ukuu wa kuweka kando. Hana taji lolote. Akisema neno, halifuatwi kwa kuwa yeye ni nani, bali kwa kuwa watu wameona ni kweli. Twaona mtihani wake ni mgumu kuliko wa Leo.

Tena mtihani huo hauko chini tu, uko juu vilevile. Katikati ya kipindi mkubwa wa kazi anakuja na jambo jipya, anataka liingizwe leo. Skramu-masta anapaswa kumweleza kwa heshima kwamba lizungumzwe kwanza na anayepanga mahitaji, lisiharibu lengo ambalo kikundi kimejiwekea. Hapo ndipo upole peke yake haumsaidii. Anayemweleza hayo mara nyingi ndiye anayemlipa, na maneno ya mabwana wawili tunayajua wote.

Greenleaf aliacha kipimo: je, wanaotumikiwa wanakua, wanakuwa huru zaidi, na wao pia wanaanza kutumikia? Kwa kipimo hicho, anayefanya kila kitu kwa ajili ya watu ameshindwa hata akisifiwa. Mkutano wa dakika 15 ni wa wafanyakazi wenyewe. Skramu-masta anahakikisha unafanyika, si lazima auongoze. Kikundi kinachomtazama usoni kabla ya kusema bado kina mkubwa, hata kama kimempa jina jingine.

Lakini kuna siku moja inayomfunua kuliko zote. Katika kujichunguza, kijana mmoja amesema wazi kwamba kazi ilichelewa kwa sababu hakuielewa na aliogopa kuuliza. Kesho yake mkubwa anamwita skramu-masta pembeni: ni nani aliyetuchelewesha? Atataja jina, au ataeleza kikwazo na kumficha mtu? Kikundi hakitahitaji kuambiwa alijibu nini. Kama alitaja jina, kipindi kijacho wataketi kujichunguza tena, na kila mmoja atasema mambo yote yalikwenda vema.